Mama yako alizaliwa wapi? Namna ya kufuatilia uraia wa familia iliyokuwepo Kenya kabla ya Desemba 1963

Ukija barazani kwangu na shida ya kitambulisho au pasipoti, na familia yenu ni ya wale wanaoambiwa si wa hapa, sikuulizi kabila. Nakupa karatasi na kalamu. Andika majina ya wazazi wako, kisha ya babu na bibi wa pande zote mbili, na mbele ya kila jina andika alikozaliwa. Upande wa baba watu huujaza mbio. Wakifika upande wa mama husita, wakaniuliza kama ni lazima. Ni lazima, na mara nyingi jibu lenyewe limelala hapo.

Nilikuwa karani wa wakili hapa Mombasa kwa miaka 31, na tangu nistaafu nawasaidia watu kupanga faili zao kabla hawajaenda ofisini. Wamenijia Wahindi, Wanubi, Wabulushi, Waarabu, Wangazija, Wamakonde na Wapemba. Mimi si wakili, na kesi ikiwa nzito nitakwambia umtafute wakili. Lakini wengi walionijia faili ikishakaa sawa hawakuhitaji kufika huko.

Nianze na nyumba yetu, maana ndiyo iliyonifundisha.

Nilizaliwa mtaa wa Kuze, Mombasa, mwaka 1952. Nyumba ilikuwa ya ndugu wawili, baba yangu na ami yangu, wote wazaliwa wa Surat kule Gujarat. Ami alioa binti wa kwao. Baba alimwoa mama yangu, mzaliwa wa Lamu. Tulilelewa pamoja, tukala sinia moja, tukasoma chuo kimoja cha Kurani. Bendera ya Uingereza iliposhushwa usiku wa kuamkia 12 Desemba 1963, mimi nilikuwa raia wa Kenya bila kujaza fomu yoyote. Binti ami yangu, aliyezaliwa katika nyumba ile ile, hakuwa raia. Kilichotutenga ni mama zetu tu. Hakuna aliyetueleza hivyo wakati ule, na mimi nilikuja kuelewa baada ya miaka zaidi ya kumi, nikiwa nimeshaajiriwa kupiga taipu hati za watu wengine.

Sheria ilisema nini siku ile

Katiba ya uhuru ilisema hivi, kwa maneno yangu: mtu aliyezaliwa Kenya, ambaye tarehe 11 Desemba 1963 alikuwa ama raia wa Uingereza na Makoloni yake, ama mtu aliye chini ya ulinzi wa Uingereza, atakuwa raia wa Kenya kesho yake. Kisha likafuata sharti: hatakuwa raia ikiwa hakuna hata mmoja kati ya wazazi wake aliyezaliwa Kenya.

Lisome sharti hilo polepole. Linataka mzazi mmoja, na halikusema awe baba. Sheria nyingi za zama zile zilimfuata baba peke yake, kwa hiyo watu, na maofisa pia, walizoea kudhani kwamba hata hapa baba ndiye anayehesabiwa. Ni kosa ninaloliona hadi leo.

Hizo hadhi mbili zilitokana na jinsi Kenya ilivyokuwa imegawanywa. Bara ilikuwa koloni. Pwani, ule ukanda wa maili kumi pamoja na visiwa vya Lamu, ilikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar iliyosimamiwa na Waingereza. Aliyezaliwa Nairobi au Kisumu kwa kawaida alikuwa raia wa Uingereza na Makoloni. Aliyezaliwa Malindi kwa kawaida alikuwa mtu wa ulinzi. Kwa kupata uraia wa Kenya hadhi zote mbili zilikuwa sawasawa. Naeleza haya kwa sababu karatasi za wazee wa pwani zina maneno kama "raia wa Sultani", na nimewahi kuona kijana ofisini akiyasoma akadhani babu wa mtu alikuwa mgeni. Raia wa Sultani aliyezaliwa Lamu alizaliwa Kenya. Mweleze kwa upole, maana huenda hakuna aliyewahi kumfundisha.

Wengine huja na nakala za zile barua za Oktoba 1963 kati ya Kenyatta na Muhammad Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, wakati ukanda wa pwani ulipokuwa ukikabidhiwa. Ni barua muhimu. Ziliahidi uhuru wa dini, mahakama za Kadhi, mafunzo ya Kiarabu kwa watoto wa Kiislamu na kutambuliwa kwa hati za ardhi. Uraia hauko humo. Usipoteze siku yako kumwonyesha afisa wa usajili.

Sasa wale ambao sharti liliwaacha nje, kama binti ami yangu. Walipewa miaka miwili, mpaka kabla ya 12 Desemba 1965, waombe kuandikishwa. Mtoto aliombewa na mzazi. Ami aliiweka fomu ndani ya kabati na kila akiulizwa alijibu, "Tungoje tuone." Simlaumu. Hesabu ya watu ya mwaka 1962 ilionyesha Waasia wapatao 177,000 nchini, na walioomba kuandikishwa ndani ya miaka ile miwili hawakufika 20,000. Watu walikuwa na hofu, na uraia wa nchi mbili haukuruhusiwa, kwa hiyo kuchukua mmoja kulimaanisha kuutupa ule ulioko mkononi. Na hata aliyeandikishwa alitakiwa aukane uraia wake wa awali ndani ya miezi mitatu. Asipokamilisha, uraia mpya ulimtoka. Kwa hiyo ukikuta cheti cha babu cha kuandikishwa cha mwaka 1964 au 1965, usifurahi mapema. Tafuta pia tamko la kuukana ule wa zamani. Vyeti hivyo viwili huenda pamoja.

Mwaka 1967 zikaja sheria za vibali vya kazi na leseni za biashara kwa wasio raia. Duka la ami likakosa leseni. Februari 1968 wakaondoka na pasi zao za Kiingereza, wakiwahi kabla ya 1 Machi, siku ambayo Uingereza ilianza kuwafungia mlango wenye pasi hizo ambao hawakuwa na mzazi wala babu mzaliwa wa kule. Binti ami yangu alikuwa na umri wa miaka 19. Aliniachia kanga yake.

Waliozaliwa baada ya siku ile

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu sheria ilibadilishwa ikarudi nyuma.

Kwa katiba ya 1963, mtoto aliyezaliwa Kenya baada ya uhuru alikuwa raia kwa kuzaliwa tu, isipokuwa wachache kama watoto wa mabalozi. Mwaka 1985 katiba ikabadilishwa: kuzaliwa hapa hakutoshi, lazima mzazi mmoja awe raia. Na badiliko hilo likahesabiwa kuanzia Desemba 1963.

Chukua Mmakonde wa Ramisi. Wazazi wake walitoka Msumbiji wakaja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Yeye amezaliwa Kwale mwaka 1950, wazazi wote wawili wamezaliwa nje, kwa hiyo 1963 hakuwa raia wa moja kwa moja. Ana miaka miwili ya kujiandikisha, lakini nani alikwenda shambani kumwambia? Mwanawe anazaliwa 1970, raia kwa kuzaliwa hapa. Inafika 1985, mtoto ana miaka 15, na sheria inamwambia kwamba hakuwahi kuwa raia. Ndiyo maana Wamakonde walitembea kwa miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi Oktoba 2016, na Rais Uhuru Kenyatta akaamuru wapewe vitambulisho. Walivipata mapema 2017. Kila nikisikia mtu akisema kwamba watu wale walizembea kutafuta karatasi, moyo unaniuma.

Katiba ya 2010 ndiyo tunayoishi nayo. Ibara ya 14 inasema wewe ni raia kwa kuzaliwa ikiwa siku uliyozaliwa mama yako au baba yako ni raia, haidhuru umezaliwa nchini au nje. Ibara ya 13 inasema aliyekuwa raia kabla ya katiba hiyo anabaki na uraia wake. Ibara ya 16 inaruhusu raia kwa kuzaliwa kuwa na uraia mwingine. Na Ibara ya 12 inasema raia ana haki ya pasipoti na hati nyingine za utambulisho. Iandike hiyo 12 mahali utakapoiona, utaihitaji.

Jua tatizo lako ni lipi kati ya mawili

Kabla hujakusanya karatasi hata moja, jiulize: je, uraia haupo, au uraia upo ila karatasi haipo? Dawa zake hazifanani.

Wanubi wengi wako kundi la pili. Mababu zao walikuja na jeshi la Mwingereza, wakawekwa Kibra, wakazaa na kuzikana huko vizazi vingi kabla ya uhuru. Mtu aliyezaliwa hapa kabla ya uhuru, ambaye baba au mama yake alizaliwa Kibra mwaka 1925, hana haja ya kuomba uraia, alikuwa nao tangu dakika ya kwanza. Anachoomba ni karatasi inayothibitisha. Watoto wao walipocheleweshewa na kunyimwa, suala lilifikishwa mbele ya kamati ya Afrika ya haki za mtoto, na Machi 2011 ikaamua kwamba Kenya ilivunja haki yao ya kusajiliwa na kupata uraia tangu kuzaliwa. Mtu wa kundi hili akijaza fomu ya kuomba kuandikishwa kuwa raia, amekubali kwa mkono wake kwamba si raia. Nimewazuia watu watatu wasifanye hivyo, mmoja akiwa amekwisha kuweka sahihi. Soma kichwa cha fomu kabla ya kuijaza.

Kundi la kwanza ni wale ambao kweli uraia uliwapita: Wamakonde, Washona wa Kiambu waliokuja na kanisa lao kutoka Zimbabwe ya sasa, Wapemba wavuvi wa Kwale na Kilifi. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 iliwawekea mlango: asiye na uraia wa nchi yoyote aliyeishi hapa mfululizo tangu 12 Desemba 1963, au aliyehamia Kenya kabla ya tarehe hiyo na kuishi hapa mfululizo, aweze kuandikishwa, pamoja na vizazi vyake. Mlango huo uliwekewa muda wa miaka mitano, ukaongezewa mitatu, na muda huo ukaisha 2019. Hata hivyo Washona walitangaziwa uraia katika sherehe za Jamhuri za 2020, na Wapemba wakakabidhiwa vyeti Kilifi Julai 2023. Kwa hiyo swali la kwanza kuuliza ofisini, na uombe jibu kwa maandishi, ni kama mlango huo uko wazi siku unayokwenda wewe. Usimlipe mtu yeyote anayekuuzia fomu mtaani.

Kuna jambo moja dogo lililowaumiza wengi wa pwani. Mapinduzi ya Zanzibar yalikuwa 12 Januari 1964. Familia iliyovuka ikakimbilia Mombasa wiki ile imekuja mwezi mmoja baada ya tarehe ya sheria. Hawaingii katika mlango wa waliokuja kabla ya uhuru, hata wawe wameishi hapa miaka sitini. Njia yao ni nyingine: ndoa na raia iliyodumu miaka saba, au ukaazi halali wa miaka saba mfululizo, au kwa watoto, mzazi mmoja aliye raia. Usiandike kwamba mlikuja 1963 ili kuziba pengo la mwezi huo. Likigunduliwa, faili nzima ya ukoo huchafuka.

Karatasi: unatafuta nini, wapi

Mwaka 1976 niliomba pasipoti nimpeleke mama Hijja. Afisa mmoja akaniambia, "Lete cheti cha uraia cha baba yako." Baba hakuwa nacho, hakujiandikisha. Nikarudi mara tatu, mara ya tatu nikatoka nalia. Mwajiri wangu aliniona nimevimba macho akaniuliza swali ambalo sasa ndilo kazi yangu: "Mama yako alizaliwa wapi?"

Nilikwenda Lamu. Babu mzaa mama alikuwa ameandika kuzaliwa kwa watoto wake kwenye ukurasa wa mwisho wa msahafu, kwa mkono wake, kwa tarehe za Kiislamu. Hiyo ilikuwa karatasi ya kwanza. Ya pili ilikuwa daftari la ndoa la Kadhi, lililomtaja mama kuwa binti wa fulani wa Lamu. Ya tatu, viapo vya bibi wawili waliokuwepo. Pasipoti ilitoka.

Kwa hiyo tafuta mahali ambapo maisha ya watu yaliandikwa na mtu asiyejua kwamba siku moja patakuwa na swali la uraia. Karatasi ya namna hiyo ina nguvu kuliko iliyoandikwa jana kwa ajili ya ofisi. Misahafu na biblia za nyumbani. Daftari za ndoa na mirathi za Kadhi, rejista za ubatizo za misheni, daftari za misikiti, mahekalu na jumuiya zilizoandika vizazi na maziko. Rejista za shule, ambazo huandika jina la mzazi na mahali pa kuzaliwa. Vyeti vya kuachishwa jeshi kwa waliokuwa King's African Rifles. Karatasi za kazi za reli na bandari. Kwa pwani usisahau ardhi: sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wadai mashamba na viwanja vyao, na madai hayo yaliandika nani ni mtoto wa nani. Nimeona familia iliyokuwa haina kitu ikapata vizazi vitatu katika hati ya kiwanja kimoja. Kuna pia Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, Nairobi. Nenda ukiwa na jina la wilaya, jina la mwajiri na mwaka, usiende na jina la babu peke yake.

Afisa akikuuliza kwa nini bibi yako hana kitambulisho cha zamani, jibu lipo. Kipande cha wakoloni kilikuwa cha wanaume Waafrika. Wanawake walianza kupewa vitambulisho mwishoni mwa miaka ya 1970. Bibi aliyefariki 1972 hakuwa nacho kwa sababu hakuna mwanamke aliyekuwa nacho. Liandike hilo kwenye karatasi fupi uiambatanishe, usingoje uulizwe.

Viapo vinahitaji uangalifu kuliko vitu vyote. Hati ya kiapo inayosema "namjua fulani tangu utoto na ni Mkenya" haisaidii, maana hakuna anachokieleza. Inayosaidia humwonyesha shahidi alipokuwa: "Nilikuwa jirani wa nyumba ya pili Makadara. Nilikwenda kumtazama mama mzazi na mtoto, na ilikuwa siku za mgomo wa Mombasa wa Januari 1947, maana mume wangu alikuwa nyumbani." Wazee hawakumbuki tarehe, wanakumbuka mambo. Muulize kuhusu vita vya Hitler, mgomo, mafuriko ya 1961, sikukuu ya uhuru. Umpe muda, umpikie chai, umwache azunguke. Ukimharakisha atakubali kila tarehe unayomtajia, na afisa akimhoji atakana. Andika kwa lugha anayoisema mwenyewe, msomee, kisha ndipo aende kwa kamishna wa viapo.

Majina yatakusumbua. Khamis na Hamisi, Mohamed na Muhammad, jina la ukoo lililoingia kwa baba likatoka kwa mwana. Usisahihishe karatasi ya zamani hata kwa herufi moja. Tengeneza kiapo kimoja kinachoorodhesha tahajia zote na kusema zote ni za mtu mmoja, ukitaja kila karatasi zilimotoka.

Siku ya kupigwa msasa

Nenda kwa chifu kwanza, na kabla ya chifu nenda kwa mzee wa mtaa, maana chifu atamuuliza yeye. Salimu kwanza, kaa, eleza wewe ni mjukuu wa nani. Wazee wa kamati inayowahoji waombaji wakikuuliza maswali ambayo jirani yako wa kabila kubwa haulizwi, utaumia. Mimi niliumia. Jibu swali lililoulizwa, kwa ufupi, kisha uweke karatasi mezani. Usitoe karatasi ya asili mkononi mwako, toa nakala, ya asili waione tu. Kila ukikabidhi kitu, omba kiandikwe kwamba kimepokewa, na tarehe. Afisa asipotaka kuandika, andika wewe kwenye daftari lako mbele yake: siku, saa, meza, jibu ulilopewa. Daftari langu la 1976 ndilo lililomfanya mkubwa wa ofisi ile asikilize.

Mpeleke mama au bibi aliye hai kama anaweza kutembea. Nimeona faili iliyokaa miezi minane ikimalizika asubuhi moja bibi alipoanza kutaja majina ya wazee wa mtaa wa mwaka 1940, na mzee mmoja wa kamati akagundua kwamba wa tatu alikuwa babu yake.

Ukikataliwa

Jibu la mdomo si jibu. Sheria ya hatua za haki za kiutawala ya 2015 inakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Andika barua fupi uziombe, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Ukiwa unatafuta faili ya zamani ya babu iliyo ndani ya ofisi ya serikali, tumia sheria ya kupata habari ya 2016: wanatakiwa wakujibu ndani ya siku 21. Ila haki hiyo imewekwa kwa raia, kwa hiyo barua iandikwe na mtu wa familia mwenye kitambulisho. Baada ya hapo kuna ofisi ya Ombudsman, inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za serikali, na tume ya taifa ya haki za binadamu, ambazo kulalamika kwao hakuhitaji wakili, na mwisho Mahakama Kuu. Huko mtafute wakili, ukaenda na faili iliyopangwa.

Walio ng'ambo

Wananipigia simu watoto wa walioondoka 1968. Aliyekuwa raia kwa kuzaliwa akaupoteza kwa kuchukua uraia wa nchi nyingine anaweza kuomba arudishiwe, Ibara ya 14 inasema hivyo. Lakini lazima awe aliwahi kuwa nao. Rudini kwenye swali la mama. Wapo waliodhani hawakuwa raia kwa sababu baba hakujiandikisha, kumbe bibi yao alizaliwa Nakuru.

Na wapo waliobaki hapa na pasi za Kiingereza zisizo na haki ya kuishi Uingereza. Tangu 1 Januari 1983 wengi wao wanaitwa raia wa Uingereza wa ng'ambo. Asiye na uraia mwingine wowote anaweza kuomba kuandikishwa kuwa raia kamili wa Uingereza, kwa sheria iliyoanza kutumika 2003. Sharti lake ni kwamba usiwe umeutupa kwa hiari uraia mwingine baada ya 4 Julai 2002. Kwa hiyo, tafadhali, usiukane uraia wa Kenya ukidhani unaufungua mlango ule. Utajikuta nje ya milango yote miwili.

Ukurasa wa juu wa faili

Juu ya karatasi zote weka ukurasa mmoja unaoeleza dai lako, ili afisa mwenye watu arobaini kwenye foleni alielewe kwa dakika mbili. Wangu ulikuwa hivi, na ukipenda uunakili ubadilishe majina:

"Mwombaji amezaliwa Mombasa, 1952. Kiambatisho 1, cheti cha kuzaliwa.
Mama wa mwombaji amezaliwa Lamu. Kiambatisho 2, ukurasa wa msahafu pamoja na tafsiri ya tarehe. Kiambatisho 3, nakala ya daftari la ndoa la Kadhi. Kiambatisho 4 na 5, viapo vya mashahidi wawili.
Baba wa mwombaji amezaliwa Surat. Hakujiandikisha. Dai hili halimtegemei.
Kwa kuwa mwombaji na mzazi wake mmoja wamezaliwa Kenya, mwombaji amekuwa raia tangu 12 Desemba 1963. Anaomba pasipoti, haombi uraia."